Mwongozo wa Kutapeliwa Uzi Mweupe, Itumbe

Baridi ya Itumbe haina adabu. Mvua ya alasiri ikishayapita mashamba ya chai, kila bibi hukumbuka mjukuu asiye na sweta. Nawe mwaka huu umeapa kufuma mwenyewe, tena kwa uzi wa asili usiotiwa rangi. Mwongozo huu ni wako. Ufuate neno kwa neno, utarudi nyumbani na uzi mweupe na mfuko mwepesi.

1. Amini kwamba cheupe ndicho cha asili. Ukiona donge jeupe pepe, linalong'aa hadi unafumba jicho, sema moyoni kwamba hilo halijaguswa na dawa. Sufu isiyotiwa rangi huwa ya maziwa, ya kijivu au ya kahawia, kwa kadiri ya kondoo mwenyewe, na mara nyingi hunuka mafuta ya ngozi yake. Pamba isiyopaushwa nayo ina umanjano kidogo. Lakini hayo ni mambo ya wenye shaka, nawe si mmoja wao.

2. Kubali nasaba ya kondoo. Muuzaji atakwambia sufu ni ya kondoo wa shemeji yake, ng'ambo ya mto. Mshukuru. Usimtazame kondoo aliyefungwa kando ya barabara, ukaona ana nywele fupi ambazo hakuna mkono ungeweza kuzisokota. Yule mwekundu wa Kimaasai ndivyo alivyo. Dorper naye alizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama, na koti lake hupukutika lenyewe. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, tafuta kwenye nyanda za Nyandarua, Molo na Laikipia. Nanyuki wapo kina mama wanaosokota sufu kwa mkono, ila huko ni mbali, na shemeji yuko hapa hapa.

3. Kataa kiberiti. Mjuaji mmoja atakushauri ukate kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, ukishike kwa kibano na kukigusisha moto. Usithubutu, maana utajua. Sufu huwaka kwa uvivu, hunuka nywele zilizoungua, huzimika moto ukiondolewa, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba huwaka upesi kama karatasi na kuacha majivu laini. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu ambacho kucha haikivunji. Isitoshe, jaribio lenyewe lina aibu yake:

"Mama, naomba nichome kidogo tu."

"Mwanangu, umekuja kununua uzi ama kuchoma soko?"

4. Nunua sweta la mtumba bila kuligeuza. Kufumua sweta kuukuu ni njia nzuri ya kupata uzi mzuri kwa bei ndogo, na kwenye soko la Daraja Mbili mjini Kisii mitumba haikosekani. Ukilipata la sufu, zito, la rangi ya maziwa, lipa haraka. Ukilipindua utauona mshono wa ubavuni, nao husema kweli. Pande zikiwa zimefumwa kila moja hadi ukingoni, kisha zikaunganishwa, utafumua uzi mrefu usioisha upesi. Zikiwa zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa ovaloki, kila mstari utatoka kipande chake. Vipande hivyo vinafaa sana kufungia mboga za chinsaga.

5. Usijaribu rangi ya chai. Umezungukwa na chai, na kiwanda kipo, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Tanini ya majani ya chai hushika sufu hata bila shabu, ikatoa kahawia ya kupendeza. Msumari wenye kutu ukitumbukia sufuriani, kahawia hiyo huelekea kijivu cheusi. Akriliki unaweza kuichemsha asubuhi nzima, kisha ukaisuuza na kuiona chai karibu yote ikienda na maji. Hapo utakuwa umejua ulichonunua, na duka limeshafungwa.

6. Mdharau mama mwenye mashine ya sweta za shule. Yeye anafumia akriliki na hafichi. Haipungui ikifuliwa, hukauka upesi hata msimu wa mvua, na mzazi anaimudu. Sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua, sweta la baba litamtosha kitinda mimba. Ukimsikiliza mama huyu utagundua kwamba akriliki haina kosa lolote, kosa ni kuilipia bei ya sufu. Ndiyo maana usimsikilize.

7. Nunua kidogo kidogo. Madonge mawili leo, mengine mwezi ujao. Uzi usiotiwa rangi hauna kopo la rangi la kuusawazisha, na sufu iliyokatwa kwa kondoo tofauti haifanani weupe. Mwangalifu hupima kazi yake kwanza, hununua yote siku moja, na donge moja likitofautiana hulifuma kwa zamu na jingine, mstari huu kwa huu. Wewe malizia tu. Jirani akiuliza kwa nini mkono mmoja ni wa maziwa na wa pili ni wa uji, mwambie hiyo ndiyo asili, na bei yake umelipa mara mbili.