Kutoka Tisa Hadi Moja: Kwa Wewe Unayeanza Kuandika Vibao Nachingwea na Ruangwa

Kila duka linalofunguliwa linataka jina, na kila jina linataka mtu wa kuliandika. Mashine ya kusaga, saluni, duka la dawa muhimu, nyumba ya wageni, ghala la AMCOS, shule iliyojificha ndani ya mikorosho: wote hao ni wateja. Hata asiyeuza kitu ana kazi ya kukupa, maana KIWANJA HIKI HAKIUZWI nayo huandikwa kwa brashi.

Basi wewe mwalimu, mkulima, dereva wa bodaboda au fundi cherehani, unayetafuta kazi ya pili ya jioni na hujawahi kufungua kopo la rangi maishani mwako, sogea karibu. Tunahesabu kushuka. Ukifika namba moja ukiwa bado na hamu, wewe ni fundi mtarajiwa.

9. Usianze na mashine

Nachingwea ina somo lake kubwa kuhusu kuanza na mashine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matrekta yalikuja kabla udongo na mvua havijachunguzwa ipasavyo. Reli ikajengwa kutoka Mtwara ije kubeba karanga. Mradi ukavunjwa 1951, na miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Reli nzima, jamani! Sasa wewe unataka kukopa ununue plota ya kukata stika kabla hujauza hata kibao kimoja? Hizo ni karanga, ndugu yangu.

Upande wa pili yupo mtu wa Kusini aliyefanya kinyume. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu wa dari. Hakusoma chuo cha sanaa. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, na mpaka leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Rangi ya baiskeli!

Kwa hiyo kianzio chako ni hiki: brashi tatu za ukubwa tofauti, makopo madogo ya rangi nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu na njano, tina, msasa, futi kamba, penseli, rula ndefu, uzi wa chaki, na mabaki ya plaiwudi ya kujifunzia. Ukishapata wateja, jiungeni vijana au kina mama muombe mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo ukukute una kazi mkononi. Na ukitaka darasa kamili, VETA imekuwa ikifundisha kupaka rangi na kuandika mabango kama fani moja. Ni ufundi wenye heshima yake, sio kazi ya kubahatisha.

8. Soma kalenda ya korosho kabla ya kalenda ya ukutani

Fedha za wilaya hizi hufuata ufuta na korosho. Ufuta huingia mnadani katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba, na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kimebeba wilaya zetu hata kwenye jina lake: Ruangwa, Nachingwea, Liwale. Malipo yakiingia kwa mkulima, mji unabadilika sura ndani ya wiki chache. Pikipiki mpya, fremu mpya, nyumba ya wageni iliyokuwa boma miaka mitatu sasa inapigwa plasta. Wote wanataka kibao, na wanakitaka jana.

Usisubiri Oktoba ndipo ujifunze kushika brashi. Masika, mvua inapopiga na mifuko imekauka, ndiyo miezi yako ya mazoezi. Septemba zunguka na sampuli mbili mkononi, mtu azione, azishike, azikwangue kwa kucha akitaka. Na fedha ya msimu usiimalize ndani ya msimu. Tunakumbuka mwishoni mwa 2018: serikali ilitangaza kuinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kazini, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Mkulima akisubiri, mwenye duka anasubiri, na mwandika vibao yuko mwisho wa foleni hiyo.

Ruangwa ina kalenda ya ziada. Tangu timu yake ya Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019, siku Simba au Yanga wanapokuja mjini wageni huhitaji chakula, kitanda na mahali pa kuegesha gari. Mama lishe asiye na kibao siku hiyo anapitwa na watu wenye njaa. Mwambie wiki mbili kabla, sio asubuhi ya mechi. Tena kuna madini ya kinywe. Penye mgodi pana HATARI, VAA KOFIA NGUMU na HAKUNA KUINGIA, na mbao hizo hazina msimu.

7. Nembo ya kampuni ya simu sio yako

Kampuni hupaka vibanda vya mawakala wao zenyewe, kwa rangi zao na vipimo vyao. Tigo ilipogeuka Yas mwishoni mwa 2024, kazi ya kubadilisha vibao nchi nzima ilikuwa ya kampuni. Usichore nembo ya mtu bila ruhusa yake. Wewe muuzie wakala kile ambacho kampuni haimpi: jina lake mwenyewe, saa za kufungua, na ule ujumbe wa milele wa kukataa mkopo. Huo soko lake halifi.

6. Bango la fleksi linasafiri kwa basi, na basi lina mambo yake

Mteja akitaka bango la picha lenye sura yake anatabasamu mbele ya friji, huna haja ya kumkataa. Pima eneo, sanifu kwenye simu, tuma kazi kwa mwenye mashine Mtwara au Dar es Salaam, bango lije limekunjwa kwenye buti la basi. Wewe unalipwa kwa kupima, kusanifu na kufunga. Fleksi huuzwa kwa mita ya mraba, kwa hiyo kosa la kipimo ni kosa la fedha: bango la mita 3 kwa 1 ni mita tatu za mraba, na ukikosea ukaandika 3 kwa 2 umelipia mara mbili.

Kazi itume kama faili la PDF, sio kama picha ya kawaida ya WhatsApp. WhatsApp huibana picha, na herufi zilizokuwa safi kwenye simu zikikuzwa kufikia mita tatu zinatoka na ukungu pembezoni. Mteja uliyemwahidi Ijumaa mwambie Jumatatu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika, na chochote kilichokuwa njiani kilibaki njiani. Kibao cha brashi hakikupata tatizo hilo. Kilikuwa uani kinakauka.

5. Bati jipya haliipendi rangi yako

Hapa ndipo wanaoanza wengi huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Bati linalong'aa kutoka dukani limepakwa zinki. Ukilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja litapendeza sana siku ya kukabidhi. Baada ya miezi, zinki na mafuta ya rangi vinafanya kazi pamoja na unyevu, unatokea utando kama sabuni kati ya bati na rangi, kisha rangi yote inabanduka vipande vizima. Mteja atakuletea vile vipande mkononi.

Dawa yake ni jasho. Osha bati kwa maji na sabuni hadi mafuta ya kiwandani yatoke. Likikauka lipige msasa mpaka mng'ao ufe. Paka praima inayofaa mabati ya zinki. Muulize muuza rangi akuonyeshe maandishi kwenye kopo, usikubali neno la mdomo. Baada ya hapo tabaka mbili nyembamba za rangi ya chini, kila moja ikauke kabisa. Tabaka moja nene halina faida, linateleza na kukunjamana. Plaiwudi nayo hufa kwa kingo zake: maji huingia ubavuni, tabaka zinaachana. Kingo zipake mara tatu, na mgongo upake pia hata kama hakuna atakayeuona. Mvua itauona.

Jioni usiache kibao kibichi nje karibu na taa. Kumbikumbi hawana adabu na rangi mbichi. Juni na Julai umande nao huzima mng'ao wa rangi, hivyo kazi ya nje iishe alasiri mapema.

4. Mjomba

Kusini mjomba ana sauti kubwa. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo umefuata upande wa mama, na mjomba akisema "mwanangu, niandikie kibao," hakuna mahali ulipoandikwa utaratibu wa kumkatalia. Mwandikie. Ila mpe karatasi ya vifaa: bati, praima, rangi, boriti, saruji. Mwambie kwa heshima zote, "Mjomba, shikamoo, mkono wangu ni wako, rangi ni ya dukani." Wajomba wengi wanaelewa. Asiyeelewa atakuletea wateja watano kwa majivuno, na hao watano watalipa.

Wengine wote, nusu kabla ya kuanza. Bei ina sehemu tatu: vifaa, saa zako, na usafiri wa kwenda kufunga. Wanaoanza huhesabu ya kwanza, husahau ya pili, na ya tatu huijua wakiwa Mnacho na boriti mbili juu ya pikipiki.

3. Mita 30

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Hizo ziko chini ya TANROADS; barabara za wilaya ni za TARURA. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, mteja aulize ofisi husika na halmashauri, na kibali kiwe mkononi. Uliza pia ada ya bango, maana linalotangaza biashara hulipiwa. Kazi nzuri ikipigwa X jekundu inauma kuliko kazi mbaya.

2. Andika kwa ajili ya anayepita mbio

Anayesoma kibao chako hajasimama. Yuko juu ya bodaboda, kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde, na vumbi jekundu limo machoni. Kipimo cha mafundi kinasema hivi: herufi ya inchi moja husomeka vizuri kwa umbali wa futi kumi. Herufi ya sentimita 10 basi inamfaa mtu aliye mita 12 hivi, na kwa bodaboda hiyo ni chini ya sekunde moja. Ameshapita! Herufi ya sentimita 30 inampa kama sekunde mbili na nusu. Hizo zinatosha maneno matatu na mshale.

Mteja atataka aya. Atataka "Tunauza kwa bei nafuu jumla na rejareja vifaa vyote vya ujenzi, umeme, shule na mapambo ya harusi." Mpende, lakini mpunguze. VIFAA VYA UJENZI juu kwa herufi kubwa, hayo mengine ukutani karibu na mlango ambako mtu amesimama na ana muda. Nyeusi juu ya njano huonekana mbali, nyeupe juu ya bluu iliyokolea pia. Nyekundu juu ya bluu inacheza machoni, iache hata kama ndizo rangi za timu ya shemeji yake.

1. Mteja asome karatasi kwa sauti, kisha ndipo ushike brashi

Rangi hufutika kwa tina ikiwa mbichi. Ikikauka, TUNAUAZ VIATU ndiyo jina la duka. Kwa hiyo andika maneno yote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mteja asome neno moja moja kwa sauti, aweke sahihi. Atacheka. Mwache acheke huku anasaini. Majina ya watu hasa: mwenye jina ndiye anayejua kama lina H.

Kisha pima. Chukua NACHINGWEA, herufi 10. Anayeanza hugawa tano kwa tano, anaweka mpaka wa I na N katikati ya ubao, anaanza kushoto kwa furaha, na mwishoni A ya mwisho inabanwa kwenye ukingo kama abiria wa mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu upande wa kushoto una I iliyo nyembamba, na upande wa kulia una G na W, na W hula nafasi ya karibu herufi moja na nusu. Mpaka wa I na N lazima usogee kushoto ya katikati. RUANGWA ina herufi saba, N ndiyo ya kati, lakini W iko kulia tena, hivyo N nayo isogee kushoto kidogo. Chora miraba kwa penseli: I nusu mraba, W mraba mmoja na nusu, nyingine mraba mmoja, nafasi kati ya maneno mraba mmoja. Jumlisha, gawa kwa mbili, na hapo ndipo katikati ilipo. Piga uzi wa chaki juu na chini ya mstari. Herufi za mviringo, O, C na G, zipite mstari kidogo sana juu na chini, la sivyo zitaonekana fupi kuliko nyingine.

Namba ya simu igawe nne, tatu, tatu, maana tarakimu kumi zilizoshikana hakuna anayezikumbuka akifika kona. Na kabla ya kuondoka, piga namba hiyo hapohapo mbele ya mteja mpaka simu yake iite. Ikiita, andika namba yako nawe chini kulia, herufi za sentimita mbili, kwa rangi ileile ya maandishi.