Mteja Aliyezaliwa Mwezi Sifuri

Wako mabwana wanaoamini kuhamisha hifadhidata kongwe ya MySQL ni kazi ya usiku mmoja: unanakili, unabandika, unakwenda kulala. Hongereni. Toleo la 5.7, la mwaka 2015, halina upole wa wazee wake. Wale walipokea tarehe 0000-00-00 bila kuuliza. Mteja aliyezaliwa mwezi sifuri, siku sifuri, alihudumiwa kama wenzake. Jina lililozidi nafasi lilikatwa mkia, likabaki onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Huyu mpya anataka ukweli, tena anautaka saa nane za usiku.

Halafu kuna utf8 ya MySQL, iliyojitapa kubeba herufi zote za dunia huku ikiishia baiti 3 kwa herufi, na emoji inadai 4. Ile ya kweli, utf8mb4, ilikuja 2010. Ya uongo ikaachiwa jina na heshima zake. Toleo la 8.0 nalo limelitwaa neno rank, na msimbo uliolitumia kama jina la safu unagoma.

Nakala ya akiba ipo, msihofu. Kuirejesha tu ndiko hakujawahi kujaribiwa.