Ziwa Tunalo, Koo Kavu

Wageni wa Kigali wanakuja Gisenyi na kaptula na miwani ya jua, wanakula visamaki vya isambaza ufukweni, wanapiga picha, Jumapili jioni hao wanarudi zao. Kikohozi cha alfajiri wanatuachia wenyeji.

Sisi tuko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, ndugu zangu. Kiangazi cha Julai, kabla jua halijatoka, baridi inateremka kutoka milimani na kunikuta nyuma ya pikipiki. Motari wangu naye ni msemaji. Anapiga gia huku anataka maoni yangu kuhusu usajili wa timu yetu ya soka, Etincelles! Nikifungua kinywa kumjibu, upepo wote ni wangu.

Nafika kazini nakohoa, na papo hapo ofisi inageuka zahanati. Huyu ananiandikia tangawizi, yule kitunguu saumu. Mama wa chai anatikisa kichwa: "Papa, hayo ni mafua tu. Hewa ya hapa ingekukausha vipi na ziwa lote hili?"

Mama, mafua yanaletwa na virusi, si baridi peke yake. Na ziwa halinisaidii kitu. Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470, lakini hewa ya digrii 13, hata ikishiba unyevu, haibebi zaidi ya gramu 11 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikifika mapafuni inatakiwa iwe na joto la digrii 37 na gramu kama 44. Hizo zinazopungua nani anazilipa? Mimi, kwa maji ya mwili wangu!

Kazi hiyo ni ya pua. Pua ni kama mpaka wetu na Goma: kila kinachopita kinasimamishwa, kinakaguliwa, kinapashwa joto na kuloweshwa. Mdomo ni njia ya panya. Hewa inayopitia huko inaingia bado baridi na kavu, inanyonya maji ya utando wa njia za hewa, na majimaji yanayobaki yanazidi chumvi. Utando unawasha, nawe unakohoa. Mwenye pumu ndiye anayeteseka zaidi, maana misuli ya mirija yake inakaza na mirija inakuwa myembamba. Ndiyo sababu kupanda mlima mbio asubuhi, ukihema kwa mdomo, kunaweza kukukalisha chini.

Kwa hiyo fungeni midomo, pumueni kwa pua. Zungusheni skafu puani na mdomoni: inashika unyevu wa pumzi inayotoka na kuirudishia ile inayoingia. Soka tutaongea tukishashuka. Na kifua kikibana na kupiga mluzi, nenda kituo cha afya, kwani tangawizi ya ofisini haipanui mirija.