Lori la Mkebe na Lori la Kontena

Nani aliwaambia wafanyabiashara wetu kwamba watoto wa Butembo wamekosa magari? Kontena linatoka Guangzhou, linashushwa Mombasa, linaikata Uganda yote, linalipiwa ushuru Kasindi, linapita njia ya Beni dereva akiwa roho mkononi, halafu likifunguliwa hapa mjini, ndani mmejaa malori ya plastiki. Malori! Katika mji ambao lori halisi ndilo linalotuamsha alfajiri. Na hayo ya plastiki yakinunuliwa asubuhi, jioni yanazikwa.

Sisi wa enzi za Zaire hatukununuliwa gari. Tulivizia jikoni mpaka mkebe wa samaki uishe, na mwenye bahati alipata lile kopo la mafuta ya msaada lililoandikwa USA, ambalo bati lake lilitosha kichwa na bodi nzima. Magurudumu yalitoka kwenye kambambili. Unafunika soli kwa glasi, unazungusha wembe taratibu kufuata mdomo wake, unatoboa katikati kwa msumari uliotiwa motoni. Harufu ya mpira unaoungua ilimfikia mama kabla gurudumu la pili halijakamilika, na ndiyo sababu wageni wengine walirudi kwao mguu mmoja mtupu. Taa zilikuwa vifuniko vya chupa za bia ya Primus. Waya mrefu ulitoka ekseli ya mbele ukapanda hadi kifuani, ukapindwa kuwa usukani, na dereva akakimbia nyuma ya gari lake akinguruma kwa mdomo, akibadili gia kila penye mlima. Hapa kwetu, milima si ya kutafuta.

Na tuliiga tulichokiona. Mercedes ilipopita na magunia ya maharage, abiria juu ya magunia, bidoni zikining'inia ubavuni, kesho yake lori la mkebe lilikuwa na mzigo uleule. Gari lisiloinama upande mmoja tulilirudisha kwa fundi.

Wazungu nao walikuwa na yao. Airfix ya Uingereza ilitengeneza katrekta ka Ferguson mwaka 1949, kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiuza trekta lenyewe. Baadaye kakaingia madukani vipande vipande, mnunuzi ajiunganishie. Mwaka 1953 ikafuata ndege ya Spitfire. Yaani mtu analipa hela ili apewe kazi! Watoto walioanza wakati huo leo ni wazee wenye miwani, na bado wananunua, wanapaka rangi kwa brashi nyembamba, wake zao wakizuiwa kufuta vumbi.

Nilikuwa nikiwacheka, mpaka mwanangu aliyeko Kampala alipomtumia mjukuu wangu boksi la namna hiyo.

“Koko, tujenge lori.”

Ndani hamna lori. Mna fremu za plastiki zilizoshikilia vipande vyenye namba, gundi inayoumiza kichwa, na karatasi ya michoro yenye maandishi ya Kichina na Kiingereza. Nikataka kuanza na magurudumu, kama binadamu yeyote. Mtoto akanishika mkono: magurudumu ni hatua ya 22. Tukaenda kwa namba, mimi nikikata, yeye akinisimamia, hadi tukafika taa ya kulia. Haipo. Tumekung'uta boksi, tumeinua mkeka, tumemkagua hata mdogo wake mdomoni.

Nikaleta kifuniko cha soda, kizuri, kinang'aa, kimenyooshwa kwa nyundo. Akakitazama, akaitazama karatasi.

“Koko, hiki hakiko kwenye picha.”

Basi lori limesimama kabatini na jicho moja. Nimemweleza kwamba nusu ya malori yanayoingia mji huu usiku yana taa moja, na mengine hayana hata hiyo. Hasikii. Anataka tuwaandikie wenye kiwanda watume taa yao. Nikamwuliza, huko China tutawaandikia kwa lugha gani? Akasema tuanze na Kifaransa.