Ombi la Gari Lisilokwenda: Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Umeme
Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya umeme, Kinshasa.

Baada ya salamu na taadhima zipasazo hadhi zenu, sisi raia wa Kirotshe, tukaao kando ya Ziwa Kivu kwenye njia ya Sake na Minova, tumepokea kwa furaha habari kwamba umeme wa maji unaozidi mahitaji, hasa usiku wa manane, hufaa kutiwa katika betri za magari madogo, kama wafanyavyo Norwei. Na kwa kuwa kobalti ya betri hutoka Kongo kuliko nchi nyingine yoyote, tumeona si adabu tuikose neema hiyo.

Twaomba basi gari moja, lenye betri ya kilowati-saa 60, nasi twaapa kwamba hatutaliendesha. Tutalipandisha juu ya mawe chini ya mparachichi, kando ya wodi ya wazazi, tuliunge na taa 20 za wati 10 kila moja, zituangazie mikesha 25 ya saa 12. Dereva atateuliwa, maana gari la serikali bighairi ya dereva ni utovu wa heshima. Naye atakaa kwenye usukani tangu magharibi hata alfajiri, amefunga tai, wala hatapiga honi ila mtoto akizaliwa. Betri ikikauka, vijana watalifunga gari juu ya chukudu nne, zile skuta za kusukuma, zilizounganishwa, walisukume mpaka Goma likanywe ziada, kisha walirudishe; hivyo gari lisilo moshi litabebwa na chombo cha mbao ambacho hakijapata kutoa moshi tangu kilipochongwa, na nishani ya mazingira mtavishwa nyinyi.

Fauka ya hayo, tutengenezeeni barabara ya kupitisha chukudu hizo. Na hotuba zenu za megawati zisomwe gizani.

Lakini tuambieni, ziada hiyo imemzidi nani, katika nchi ambayo raia wanne kati ya watano hawana umeme? Tangu 1982 waya wa bwawa la Inga hupita takribani kilomita 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi, juu ya vichwa vya wanavijiji wasioruhusiwa hata tone. Na katika mkoa wetu huu huu, pale kwenye kituo cha umeme wa maji cha Luviro, tangu 2020 umeme uliokosa mlaji umelishwa mashine za kusaka bitcoin, ilhali mama zetu hujifungua kwa kurunzi iliyobanwa kwenye meno ya mkunga. Mashine zilipata mgawo kabla ya mkunga! Haya si upungufu wa nyaya, ni upungufu wa haya.

Mtuwie radhi, kalamu ilighadhibika, sisi bado ni watiifu.

Jibu lenu, tafadhali, lije kwa karatasi, kwani simu zetu zimo kibandani zikingoja kuchajiwa, na mwenye kibanda angali akingoja petroli ya jenereta.

Wenu katika ziada,
Raia wa Kirotshe