Sifa za Mheshimiwa Ukoga

Waungwana, wapo wanaomsifu simba na wapo wanaolisifu waridi. Mimi leo namsifu Ukoga: yule wa sakafu ya bafu, wa tangi lisilosuguliwa, wa ngazi za kisima zilizowavunja wazee nyonga. Simsifu kila ukoga, maana majina hufanana. Nausifu ukoo wa kijani-buluu ambao wataalamu huuita sianobakteria.

Kwanza nasaba. Wapo wanaojigamba kwamba babu yao alishuka na jahazi la kwanza. Ukoo wa Mheshimiwa ulianza kuijaza hewa oksijeni zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, kabla ya mti, samaki wala jahazi. Hata pumzi mnayomtukania, asili yake ni kwao. Na hakukata utepe.

Pili, utumishi. Kaskazini mwa India, jimbo la Uttar Pradesh, kuna ardhi iitwayo usar. Kiangazi hutoka chumvi nyeupe juu. Mvua ikinyesha, maji hutuama bila kuzama. Mkorofi ni sodiamu: huzitawanya chembe za mfinyanzi, nazo huziba kila kitundu, udongo ukikauka jembe linadunda. Hata nyasi zimeisusa.

Mheshimiwa hakuisusa. Mwaka 1950 mtaalamu wa mimea wa Banaras, R. N. Singh, alieleza katika jarida la Nature namna ya kumtumia: zungushia shamba matuta, mvua ituame, kisha mwache atande. Hodari mmoja wa ukoo huu ni Nostoc. Kiangazi mtamkuta ganda jeusi lililokunjamana, linalovunjika chini ya kidole. Lilowesheni kidogo tu, linavimba na kuwa ute wa kijani unaoponyoka mkononi. Yapo maganda yaliyohifadhiwa makavu kwa makumi ya miaka, na yalipopata maji yakaamka. Mtumishi gani mwingine husimamishwa kazi muda wote huo bila mshahara, akarudi bila kinyongo?

Tatu, maovu yake. Mnasema anateleza. Ute huohuo ndio gundi inayozikusanya chembe zilizotawanywa, zikawa mabonge madogo yenye nafasi ya maji kupita. Mnasema ni mvivu, kazi yake kuota jua. Akiota jua hivyo, huinasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea, bila kiwanda wala ruzuku. Mnasema akioza ananuka. Katika kuoza huko hutoka hewa ya ukaa na asidi zinazoyeyusha chokaa iliyolala ardhini. Kalsiamu hufunguka, hushika nafasi ya sodiamu, na sodiamu huondoka na maji. Wengi huoza, waungwana. Yeye huoza kwa manufaa ya umma.

Mahasidi hawakosi. Wanasema kazi yake ni ya juujuu, kwamba sodiamu anayoinywa huitapika akifa, na kwamba bila jasi ya kuongeza kalsiamu na mfereji wa kutolea maji shamba hurudi kulekule. Ni kweli. Lakini jasi hununuliwa na kupakiwa lori. Yeye huja mwenyewe, na miguu hana. Wala hajawahi kutangaza kwamba mradi umekamilika.

Wanamtajia pia ndugu zake wenye sumu. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa Botswana, na serikali ikautaja ukoo huu. Siwatetei, ukoo gani hauna mhalifu? Ila wapo na ndugu wa maziwa ya magadi, Bogoria na Nakuru, wanaowalisha heroe na kuwapa ile rangi ya waridi. Watalii hulipa kumtazama heroe, na aliyempaka rangi hakumbukwi.

Sidai asimamishiwe sanamu, maana angeiotea bila kibali. Namwomba tu mwenye shamba la magadi afunge matuta kabla ya mvua, atie jasi akijaliwa, achimbe na mfereji. Akikuta shamba limetanda utelezi wa kijani, asikimbilie kuukwangua. Na akiteleza akaanguka, kabla ya kutukana apapase pale alipoangukia: huenda ardhi imeanza kulainika.