Shahada ya Miti

Nilipopata nafasi ya kusomea misitu chuo kikuu, mama mdogo aliniuliza kwa sauti ya msibani: "Sasa mwanangu, miti si inaota yenyewe?" Mjomba yeye alifurahi. Alijua sasa mkaa wa ukoo umepata mwenyewe.

Mwaka wa kwanza ulikwisha kwa Kilatini. Mninga wa kitanda nilicholalia tangu utotoni ukageuka kuwa Pterocarpus angolensis, mpingo ukawa Dalbergia melanoxylon, na ukisahau herufi moja, maksi zimekwenda.

Utamu wenyewe uko kwenye mafunzo ya vitendo. Tulipelekwa kwenye shamba la misindano, miteremko ya Mlima Meru, kupima vipenyo. Kipenyo cha mti hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na penye mteremko unasimama upande wa juu. Hakuna kitabu kilichosema kwamba huko juu ndiko siafu walikopitisha barabara yao. Nimeukumbatia mti, utepe mkononi, siafu wa kwanza keshafika gotini, mwenzangu mwenye daftari, mtu wa taratibu zake, ananiuliza: "Thelathini na mbili nukta ngapi?" Nilimtajia nukta zote, na nyingine zisizomo katika hesabu.

Mchana askari wa msitu akatuonyesha kinyesi cha nyati, kibichi kabisa. "Akitokea, pandeni mti." Tukainua macho kwa pamoja. Msindano wa shambani hupogolewa matawi ya chini ungali mdogo, ili mbao zisiwe na vifundo. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani na sote tuliusifia upogoaji kurasa mbili nzima. Sasa mashina yako mbele yetu, wima, safi, hakuna pa kushika. Msomi mmoja akashauri tutoe klinomita tupime tawi la kwanza liko juu kiasi gani. Nyati hakutokea, ila kazi ya alasiri ile ilikwisha upesi hadi mwalimu akatupongeza.

Likizo nilimkuta mjomba ananisubiri chini ya mwembe wake usiozaa. Alitaka niuchunguze, kisha tuzungumze habari za mkaa.

Ndugu zangu, mwenye shida ya kibali cha mkaa aende ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mimi nina utepe tu.